Matairi ya Gari Lisilofika

Nchi hiyo ipo, wala si mbali, ila jina sitalitaja. Ukiitaja jina inageuka na kukuuliza unataka nini, na mimi sitaki kitu. Nataka kusimulia habari ya dereva mmoja na matairi yake manne, nikimaliza niende zangu.

Basi siku moja Mheshimiwa Mkuu wa nchi hiyo aliamka na furaha, akanywa chai, akatangaza kwamba barabara zote za nchi zimekamilika kwa kiwango cha lami. Sikiliza vizuri: hakusema zinaendelea kujengwa, hakusema zitajengwa. Zimekamilika. Siku hiyo ikaitwa Siku ya Ukamilifu na watoto wa shule wakaimba juani mpaka wengine wakazimia kwa uzalendo. Wachora ramani wakapewa wino mweusi, wakapita juu ya kila mstari. Wananchi walitoka nje kutazama barabara zao, wakaona ni zile zile, udongo ule ule mwekundu, makorongo yale yale, wakarudi ndani wakiyalaumu macho yao. Ungefanyaje? Serikali ina macho mengi, wewe unayo mawili.

Kuanzia hapo neno "tope" likaondolewa kwenye barua za ofisi. Gari likizama, uliandika kwamba limepumzika kwa hiari. Mvua za masika zikaitwa Majira ya Lami Kung'aa. Mimi siwacheki, jamani. Nasema kama nilivyosikia.

*

Dereva mwenyewe aliitwa Mbonea, mtu wa makamo, mkimya, aliyekuwa ameendesha gari la wagonjwa la hospitali ya wilaya kwa miaka kumi na tisa bila kugonga hata kuku. Gari lilikuwa zuri, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, injini yake safi kabisa. Taabu ilikuwa chini. Matairi yalikuwa vipara vitupu, laini kama viganja vya makarani. Mbonea alishaandika barua kumi na moja kuomba matairi ya kashata, yaani yale yenye vipande vya mpira vilivyokaa kama kashata zilizokatwa kwenye sinia, ambavyo huing'ata ardhi na kuitema. Barua zote zilijibiwa kwa mstari mmoja: lami haing'atwi.

Mwezi wa nne akaitwa Heze, kijiji cha juu kabisa, kwenda kumchukua Nakijwa. Huyu Nakijwa alikuwa mwalimu wa chekechea, mimba yake ya kwanza, na uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Ili kutoka Heze unashuka mpaka kijito, halafu unapanda mpando mmoja mkali wa udongo mwekundu, ukishaupanda hapo umeokoka, njia iliyobaki ni ya kokoto. Gari lilipanda nusu. Likasita. Likaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Walisukuma watu thelathini. Wakaweka mawe, wakaweka matawi, wakaleta minyororo ya kufungia ng'ombe. Matairi yalizunguka palepale yakitoa mvuke, gari likazidi kuchimba kaburi lake. Na nyuma, kwenye benchi la wagonjwa, Nakijwa alikuwa akiuliza kwa adabu, kama abiria asiyetaka kumkera mwenye gari, "Kaka dereva, tumefika?" Mbonea anamjibu, "Bado kidogo, dada." Akauliza tena, akajibiwa tena, asubuhi ile mpaka mchana. Alipouliza mara ya mwisho, saa tisa alasiri, Mbonea alikuwa chini ya gari anachimba kwa mikono na hakujibu. Aliponyanyuka ili amjibu, hapakuwa na wa kujibiwa. Yeye na mtoto wake, wote wawili.

Wakamrudisha nyumbani kwa machela, na Mbonea akawa miongoni mwa waliochimba kaburi. Mama yake Nakijwa hakumlaumu. Hilo ndilo lililomuumiza Mbonea zaidi, angelaumiwa angepata pa kushika.

*

Kesho yake akaenda kufunga safari. Maana katika nchi hiyo kila gari la serikali likitoka huandikwa safari kwenye daftari, na likirudi safari hufungwa. Daftari lilitunzwa na Bi. Apaikunda, mama mmoja mpole wa miwani, mwenye birika la chai lisilopoa.

"Mgonjwa wako yuko wapi, Mbonea?"

"Amefariki, mama. Jana."

"Ooh, pole mwanangu, pole sana. Kaa, unywe chai. Amefia wapi?"

"Mpando wa Heze. Tumekwama kwenye tope."

Bi. Apaikunda akavua miwani, akatazama mlango, akaivaa. "Heze ni lami, mwanangu. Kwenye lami mtu anakufa kwa ajali. Uligonga kitu?"

"Sikugonga."

"Kuna gari lilikugonga?"

"Hakuna gari linalofika kule."

"Basi hajafa."

"Mama, nimemzika kwa mikono hii."

"Kwa kibali gani?" aliuliza, wala si kwa ukali, aliuliza kama mzazi. "Mbonea mwanangu, mimi sina kisanduku cha kuandika hayo. Nina Amefika, nina Amefia Ajalini, nina Njiani. Hajafika, hakuna ajali. Yupo njiani." Akaandika Njiani kwa mwandiko mzuri sana, akamuongezea chai.

Ndivyo Nakijwa alivyobaki safarini. Na kwa kuwa alikuwa safarini, hairuhusiwi kumlilia. Kuna waraka: hakuna kuweka matanga ya msafiri. Majirani wakatawanywa na mgambo, mama yake akabaki peke yake amekaa chini kwenye mkeka wa msiba, matanga hayajawekwa, na yasiyowekwa hayaanuliwi. Kila mwisho wa mwezi alipelekewa barua yenye muhuri: Serikali inayo furaha kukujulisha kwamba Bi. Nakijwa anaendelea vizuri na safari. Mnashauriwa kuandaa nguo za mtoto.

*

Siku ya nane, gari likiwa limekwisha kunasuliwa topeni, Mbonea alikuwa akishuka mlimani peke yake, mchana kweupe, amebeba makatoni matupu ya dawa. Kwenye kona ya kwanza akasikia nyuma yake, kwa adabu ile ile:

"Kaka dereva, tumefika?"

Alikanyaga breki, makatoni yakamwangukia. Akageuka. Benchi tupu, ila godoro lake limebonyea katikati, na lilikuwa likipanda na kushuka polepole. Mbonea akalia pale barabarani, usukani mikononi. Halafu akafanya jambo lililomshangaza mwenyewe. Akajibu. "Bado kidogo, dada." Gari likatulia, akaendelea na safari.

Toka siku hiyo hakuendesha peke yake tena. Alidhani ni wazimu wake, mpaka alipofika langoni hospitali na mlinzi akasoma karatasi ya gari, akachungulia nyuma, akasema kwa heshima, "Mpo wawili. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anauliza kama tumefika."

"Mwambie avumilie," mlinzi alisema, akafungua geti.

Waona basi. Mzimu wa watu wengine huonekana na mtu mmoja tu, huyu wa Mbonea alikuwa na karatasi. Mwaka mzima alikuwa akiwekewa shuka safi kila Jumatatu, na mtu wa kufua alilalamika kwamba zinarudi na udongo mwekundu.

Mwaka ukazunguka, Majira ya Lami Kung'aa yakakaribia. Siku moja mama yake Nakijwa akashuka kwa miguu kutoka Heze, mkongojo mkononi, akamkuta Mbonea anaosha gari. Alikuja kusema jambo moja. Binti yake wa pili, Naetwe, mdogo wake Nakijwa, ana mimba ya miezi minane.

"Sina wa tatu, Mbonea," alisema. Akageuka akaanza kupanda, hakutaka hata maji.

Mbonea akaitazama kashata ya tairi la mbele, au niseme mahali ilipokuwa. Akapitisha kidole, hakikukwama popote. Akaomba ruhusa ya siku tatu kwenda mji mkuu.

*

Mji mkuu kulikuwa na Kamati ya Taifa ya Uteuzi wa Matairi, watu kumi na wanne, mwenyekiti wao Mheshimiwa Kitururu. Kamati ilikutana mara moja kwa mwaka kuchagua tairi moja litakalovaliwa na magari yote ya serikali. Nao walichagua kwa haki. Matairi yaligombea.

Mbonea aliketishwa kwenye kiti kifupi karibu na mlango kama mtaalamu mwalikwa, akaelezwa kwamba mtaalamu mwalikwa anaruhusiwa kusema "naam." Mbele ya ukumbi palikuwa na viti vinne vya enzi, na kila kiti kimekaliwa na tairi, limevishwa utepe wa kijani begani, yaani pale ambapo lingekuwa na bega.

Mheshimiwa Kitururu akasimama. "Ndugu wajumbe! Tairi ni nini? Tairi ni raia wa chini anayembeba kiongozi bila kuuliza tunakwenda wapi. Tairi huzunguka, lakini halizunguki ovyo. Tairi hujaa upepo, lakini halijivuni. Tumtafute leo, kwa hofu ya Mungu na mapenzi ya nchi, tairi la namna hiyo!"

Wakapiga makofi dakika sita. Kisha wakaanza kuyahoji.

"Tairi namba moja, jieleze kwa kifupi."

Tairi namba moja likanyamaza. Katibu akaandika: lina nidhamu. Namba mbili nalo, lile pana la kung'aa, likanyamaza, ikaandikwa kwamba lina nidhamu na umbo. Kisha wajumbe wakapita mstarini kuyapapasa, maana ndiko kuchagua tairi kwa kadiri walivyojua. Tairi namba moja lilikuwa laini, wakalisifu sana. Namba tatu lilikuwa na kashata kubwa kama matofali, mjumbe mmoja akavuta mkono akasema limemwangalia vibaya. Namba nne lilikuwa na kashata za wastani, zimepangika, zinashuka mpaka ubavuni.

Mbonea alipoliona namba nne akainuka kitini. Akasahau kwamba ameruhusiwa "naam" tu.

"Mheshimiwa, ni hilo! Namba nne. Ni tairi la njia zote hilo."

"Namba tatu ni zuri kwa tope tupu," aliendelea, ulimi umeshafunguka, "lakini kwenye kokoto linavuma na kuyumba, na ukishika breki kwenye lami ya mvua halisimami. Namba mbili ni pana, litaelea juu ya utelezi kama sahani. Namba nne ni jembamba, linazama mpaka chini kwenye udongo mgumu, linashika. Halafu tazama ubavu wake ulivyo mnene, jiwe haliuchani. Kwenye mpando unapunguza upepo kidogo, tairi linajitandaza, unapanda polepole bila kulizungusha. Mtu anafika. Nawaambia, mtu anafika!"

"Njia zote," alirudia Mheshimiwa Kitururu, taratibu. "Nchi hii ina njia ngapi, ndugu mtaalamu?"

"Mheshimiwa, kule Heze—"

"Heze ni lami."

"Kuna mtu alifia pale, mheshimiwa."

Mheshimiwa akaagiza orodha. Ikaletwa, ikasomwa. "Hapa kuna Bi. Nakijwa, Heze, njiani. Huyo ndiye unayemuua?"

Na hapo, msomaji wangu, kutoka nje kwenye korido ya zulia jekundu, Mbonea akasikia: "Kaka dereva, tumefika?" Alijikaza, akashindwa. Mwaka mzima hakuwahi kumwacha bila jibu.

"Bado kidogo, dada," alisema kwa sauti.

Katibu akaandika: mtaalamu alisema bado kidogo. Mjumbe wa mwisho, mzee aliyekuwa amelala, akatetemeka na kuomba dirisha lifungwe.

Likabaki jaribio la njia. Kila tairi lilibingirishwa koridoni juu ya zulia. Namba moja lilikwenda kimya mpaka mwisho. Namba nne lilifanya kelele, likaacha alama kwenye zulia, na hiyo ikatafsiriwa kuwa ni dalili za upinzani. Kura zikapigwa: namba moja, kumi na nne kwa sifuri. Namba moja likavishwa shada, likapigwa picha na mwenyekiti.

Mbonea alikuwa ameinama. Lakini sikia namna Mungu anavyopitia madirishani. Katika nchi hiyo, anayeshindwa uchaguzi haachwi hivi hivi, hupangiwa kazi milimani, awe ofisa au tairi. Mheshimiwa akatangaza: "Tairi namba nne limeonekana halina sifa, lina uso wenye mashaka, na litapelekwa wilaya yenye Heze, liwe manne, kama onyo kwa matairi mengine."

Mbonea aliruka kwa furaha. Hakuwahi kuona mtu anashindwa vizuri namna ile.

"Ila," mheshimiwa alisema, "gari likiwa safarini halivuliwi matairi. Kanuni ya tisa. Gari lako lina safari iliyo wazi tangu mwaka jana. Ifunge kwanza." Akasukuma mezani karatasi moja, Fomu ya Kufika. Ilikwisha kujazwa: Bi. Nakijwa, mjamzito, amefika hospitalini, hali njema. Palikosekana sahihi ya dereva tu.

Mbonea akaikunja, akaitia mfukoni, akarudi nayo.

*

Hakusaini. Alipanda kwanza Heze kwa miguu, akaingia nyumbani kwa mama yake Nakijwa, akamkuta kwenye mkeka ule ule. Naetwe alikuwa mlangoni anachambua maharage, tumbo limemfikia magoti.

Akawaeleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ukiandika jina lako hapo, mwanangu amefika."

"Kwenye karatasi, mama."

"Mzima."

"Ndiyo."

"Na siku yoyote nikienda kuomba cheti kwamba amekufa, wataniambia alifika, mzima, dereva shahidi."

Mbonea aliona haya kwa ajili ya nchi nzima, na nchi haikuwepo pale kuona.

"Mwaka mzima nimekaa chini," mama alisema. "Sikudai fidia. Nataka mtu mmoja mwenye muhuri aniambie mwanangu alikufa, nimlilie, niamke hapa. Ni jambo kubwa hilo? Ni kubwa kuliko lami?"

Naetwe akaacha maharage. "Mama, asitie sahihi, tungoje cheti cha dada. Mimi nitajifungulia hapa hapa, wanawake wa zamani—"

"Nyamaza!" mama alimkatiza. "Dada yako alikuwa akikuachia chakula chake, unadhani njia ndiyo hatakuachia?" Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Tia sahihi, Mbonea. Ila usije kuniambia mimi kwamba amefika. Kaambie karatasi."

Akatia sahihi juu ya ungo wa maharage, maana meza haikuwepo. Maharage yaliviringika chini ya karatasi hata jina lake likatoka kama la mtu mwingine.

*

Bi. Apaikunda alifurahi hadi machozi. "Amefika! Safari ndefu jamani!" Akafunga safari kwa wino mwekundu, na siku ile ile wodi ya wazazi ikamtandikia Bi. Nakijwa kitanda namba saba, ikamtundikia cheti ukutani, ikaanza kumsubiri azae.

Matairi manne yakaja na utepe wake. Fundi akayafunga, akajaza upepo, Mbonea akazunguka gari mara tatu akiyapapasa. Ulikuwa mwaka wa kwanza kidole chake kinakwama. Lakini alipowasha gari hakuulizwa kitu. Akapita kona ya kwanza, ya pili, kimya. Godoro lilikuwa bado limebonyea, bado likipanda na kushuka. Alikuwemo, ila hakuuliza tena, na kimya chake Mbonea alikiogopa kuliko swali. "Dada," aliita mara moja. "Ilinibidi." Hakujibiwa.

Akaomba kibali cha kwenda kumchukua Naetwe. Kibali hutoka baada ya siku saba. Siku ya tatu, asubuhi, mvua ikafunguka na mtu akaja mbio kutoka Heze: uchungu umeanza. Mbonea akaangalia kalenda, akaangalia mlima, akachukua ufunguo. Mlinzi langoni aliuliza karatasi. "Gari limepumzika," Mbonea alimwambia. "Hulioni hapo limepumzika?" Mlinzi akageuza shingo upande wa pili, akafungua.

Naetwe akapakiwa. Wakashuka mpaka kijitoni, na mbele yao ukasimama mpando, unang'aa kwa maji, mwekundu. Watu wa Heze walikwisha kujipanga kandokando na minyororo yao, kimya kama mazishini. Mbonea akashuka, akapunguza upepo kila tairi kwa sekunde alizozihesabu kwa midomo, akapanda, akaweka gia ndogo, akaliachia gari litembee. Polepole. Kashata zikauma udongo, zikautema, zikauma tena. Pale katikati, mahali pale, gari likasita.

Nyuma Naetwe akapiga ukelele, na juu ya ukelele wake Mbonea akasikia kishindo upande wa nyuma wa gari, mtu mmoja tu anasukuma, kwa nguvu za mtu anayejifungua. Akatazama kwenye kioo. Watu wote walikuwa wamesimama kandokando, hakuna aliyegusa gari. Kwenye kioo cha nyuma, kwa nje, palikuwa na viganja viwili vya udongo mwekundu.

Matairi yakashika. Wakatoka juu.

*

Mtoto alizaliwa saa nane mchana, wa kike, ana sauti ya kugomba. Saa tisa Naetwe, mwenye nguvu kama ng'ombe wa milimani, alisimama mbele ya meza ya Bi. Apaikunda amembeba, Mbonea kando yake, tope limemfika kiunoni.

Bi. Apaikunda akapekua daftari. Akapekua tena. "Naetwe wa Heze? Hukuja wewe, mwanangu."

"Si nipo hapa, mama."

"Nakuona. Lakini gari limepumzika tangu Jumatano, hakuna safari. Sasa umekujaje?" Akainua macho kwa Mbonea, na macho yake yalikuwa yakimwomba asijibu vibaya. "Kama gari lilitoka bila kibali, matairi yanavuliwa leo hii. Kanuni ya kumi."

Nje, kwenye ukumbi, wanawake wawili wa Heze wenye mimba walikuwa wameketi. Walikuwa wameteremka asubuhi ile nyuma ya gari, kwa miguu, kuja kuyatazama matairi kwa macho yao.

"Na mtoto?" Mbonea aliuliza.

"Mtoto ana mama. Kitanda namba saba, Bi. Nakijwa, alifika mjamzito, sahihi yako hii hapa. Alikuwa anatarajiwa. Kila kitu kimekaa sawa, isipokuwa huyu binti amezidi."

Hapo Mbonea akawaka. Mtu mkimya huyo, nyumba nzima ilimsikia. "Nakijwa amekufa! Amefia topeni, Heze, saa tisa alasiri, nimemzika mimi! Andika! Vua matairi, nivue na mimi ngozi, lakini andika!"

Bi. Apaikunda akashika kalamu. Nakuapia aliishika, na ncha yake ikagusa karatasi. Angeandika, nadhani. Alikuwa na umri wa kutosha kuandika jambo moja la kweli.

Naetwe akaweka kiganja juu ya daftari.

"Usimsikilize, mama, dereva amechoka," alisema. Alitazama nje, ukumbini, kwa wale wawili na matumbo yao. Kwetu mtu akifa jina lake hupewa mtoto, ili lisilale njaa. Naetwe alilichukua mwenyewe, akiwa mtu mzima. "Ni mimi Nakijwa. Kitanda namba saba ni changu. Huyu Naetwe aliyezidi, mfute."

"Binti," Mbonea alisema.

"Tairi zibaki, kaka."

Bi. Apaikunda akafuta. Alilia akifuta, machozi yakadondokea wino, akakausha kwa blotingi kwa uangalifu, akampongeza Bi. Nakijwa kwa kupata mtoto wa kike. Hivyo mama wa Heze akapata mjukuu wa binti aliyekufa, akampoteza binti aliye hai, na mkeka wake sijui aliufanya nini. Sikuthubutu kwenda kumuuliza.

Jioni mvua ilikatika na Mbonea akawarudisha, safari hii kwa kibali, maana cha kurudisha hakingojwi, mzazi mmoja na mtoto mmoja. Wakaupanda mlima, wakapita kokoto, wakafika juu ya mpando wa Heze, na hapo akapunguza mwendo kabla ya kushuka. Nyuma palikuwa kimya mno. Akataka kujua kama amelala.

"Naetwe," aliita.

Hakuna aliyeitika. Akajaribu tena.

"Nakijwa."

Wakaitika wawili.